Tatu au Nne

Kibali kinasema 1823.
Mapipa yanasema 1824.
Nimefuta miwani kwa upindo wa sweta,
nimesoma upya. Mapipa hayajabadili kauli.

"Dada Tupokigwe," anasema Silwimba, dereva,
"kostiki ni kostiki. Tatu, nne, mwandiko tu wa mtu."
Siku kumi na moja barabarani kutoka kusini,
soksi zake zinakauka juu ya kioo cha pembeni.
Namwambia: tatu ni yabisi, chengachenga za kwenye gunia.
Nne ni majimaji, na majimaji hutafuta ufa.
Ananitazama kama niliyemuuliza ng'ombe wake ni kabila gani.

Tunduma asubuhi. Upepo unaleta vumbi la Nakonde,
unapeleka letu Nakonde,
na hakuna anayelidai ushuru.
Mwenye mali anapiga simu kutoka Mbalizi:
mitambo ya sabuni imezimwa,
vibarua wamegeuza ndoo viti.
"Wewe ni wakala wangu au wa Serikali?"
Kisha sauti inalainika, inapakwa mafuta:
"Hapo dirishani hakuna mtu wa kuongea naye?"

Yupo. Ana mafua, ana shali ya mkewe shingoni,
na kalamu yake ingeipita ile nne
kwa bei ya mbuzi wa Krismasi.

Mimi pipa nalijua.
Mama alinunua moja Mwanjelwa, la bluu,
mwaka mabomba ya Ilomba yalipokohoa hewa tupu.
Lebo ilibanduliwa, ikabaki gundi
na nusu ya mchoro: mkono, na matone juu yake.
Sisi tulidhani mkono unanawa.
Tulilisuuza mara tatu.
Maji yakawa yanateleza vidoleni,
tukasema, pipa jema hili, limekuja na sabuni yake.

Subilaga, mdogo wangu, ndiye aliyekuwa na kiu.

Siku hizi anaongea. Polepole,
kama anayepitisha uzi mnene kwenye sindano nyembamba.
Chakula chake tunakisaga.
Hayo sikumwambia mwenye mali.

Nilimwambia: naandika.
*Kwa Mkemia Mkuu. Naomba marekebisho ya kibali,
hali ya shehena isomeke kimiminika badala ya yabisi.
Nimeambatisha ankara, cheti cha uchambuzi,
karatasi ya usalama, kurasa zote kumi na sita.*
Nikabonyeza tuma.
Mtandao ukaanguka.

Silwimba akapika ugali chini ya tela,
mbali na mapipa, nilimlazimisha.
Usiku baridi ya Tunduma ilimwuma hadi akaniita mchawi,
asubuhi akaniomba chai.
Siku ya tatu, kimya.
Siku ya nne, kibali.

Kama yangekuwa magunia,
wangefungua mlango, wakahesabu, wakafunga.
Kwa kuwa ni maji, walivaa glavu hadi kiwiko,
wakakata lakiri, wakainama kwa tochi,
na pipa la hamsini na saba, safu ya chini,
kifuniko chake kilikuwa kinatoka jasho.
Jasho dogo. Ubao wa chini yake
ulikuwa umeshalainika kama mkate kwenye chai.

Silwimba akaangalia ule ubao.
Nilijua anaufikiria mteremko wa Senjele.
Hakusema tatu. Hakusema nne.
Alivaa soksi zake, bado mbichi.

Mwenye mali kanikata ada ya maegesho, siku nne kamili,
kisha, sijui kwa hasira au kwa aibu,
akatuma katoni ya sabuni, miche ishirini na minne.

Jioni nanawa.
Povu linateleza vidoleni, jeupe, tulivu,
halina namba mahali popote.
Najua limetoka wapi.
Nasuuza mara tatu.
Nasimama kidogo, bomba liko wazi,
nasuuza ya nne.